Uzi: Fishi (fomu) ya ukurasa mmoja haitoshi kujua kama dawa ya moyo inaponya?

#1 Infirmiye_Birere (Goma)

Wandugu, jambo. Humu kuna madaktari, kuna watu wa hesabu, na kuna wa kubisha tu. Wote nawahitaji.

Zamani kidogo nilifanya kazi kwenye utafiti mmoja hapa mjini, sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kujaza fishi. Mgonjwa mmoja, kurasa 62. Ukurasa wa nne waliuliza urefu. Mama mmoja alikuwa na sentimita 161, nikaandika. Sasa sisi huku namba 1 tunaivalisha kofia kama tulivyofundishwa shule ya msingi, na 7 tunaikata tumbo. Msimamizi akatoka Nairobi kwa ndege, akalala siku tatu hoteli ya kando ya ziwa, akaniita, akafungua ukurasa wa nne na kuniuliza kwa upole kabisa: huyu mama ana sentimita 767?

Mama wa mita saba na zaidi ya nusu. Nikapiga mstari mmoja juu ya namba, nikaandika upya, nikatia sahihi na tarehe. Naye akatia yake. Bosi akatia yake. Dawa tuliyokuwa tunapima haikuwa na habari na urefu wa mtu.

Juma lililopita wameniletea baba wa miaka 47, tansio (shinikizo la damu) 22 kwa 13, yaani 220 kwa 130. Nimempa nilichokuwa nacho kwenye kabati, nikamwambia arudi baada ya siku saba. Usiku nikaanza kusoma, nikafika kwa utafiti mmoja, ISIS-2 ya mwaka 1988: wagonjwa 17,187 wa krizi ya moyo (mshtuko wa moyo). Daktari anapiga simu Oxford, anajibu maswali machache, anaambiwa pakiti namba fulani. Mgonjwa akitoka hospitali, fishi ya ukurasa mmoja. Basi!

Kama waliweza wakati ule bila kompyuta za mkononi, kwa nini leo utafiti wa moyo unakula mamilioni ya dola, na huku kwetu haufiki kabisa?

#2 Mwana_Kadutu (Bukavu)

Mukubwa, hilo jina ungeliandika polepole. Nimefungua uzi mbio nikizani ni habari ya vita, kumbe ni aspirini.

#3 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Jina lilikuwepo kabla ya hao wengine, Kadutu. Ni kifupi cha utafiti wa kimataifa wa watu kupona krizi ya moyo, na waliufanya watu wa Oxford.

Infirmiye amesema kweli, ila niongeze. Hospitali 417. Wagonjwa waligawanywa kwa kura mara mbili: nusu wapate aspirini ya mwezi mmoja na nusu dawa bandia (inafanana nayo ila ndani hamna dawa), kisha humo humo nusu wapate streptokinasi, dawa ya kuyeyusha mgando wa damu, ya mshipani kwa saa moja na nusu wasipate. Kwa hiyo ni majaribio mawili kwa gharama ya moja. Baada ya juma tano, waliokosa vyote viwili walikuwa wamekufa 13.2 kwa kila 100. Waliopata vyote viwili, 8.0. Aspirini! Kidonge ambacho hata muuza kiosko wa Kamalondo anacho.

Na ona sharti la kumwingiza mgonjwa. Hakukuwa na orodha ya vipengele 40. Ilitosha kwamba mtu anashukiwa kuwa na krizi, imeanza ndani ya saa 24, na daktari wake mwenyewe hana hakika kama dawa itamfaa. Kama una hakika, mpe au mnyime, usimwingize kwenye kura.

#4 Stati_BKV (Bukavu)

Naingilia kwa upande wa hesabu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotelea.

Chukua beseni mbili za sambaza toka kwa wavuvi wawili. Mmoja anasema wake wana samaki waliooza wachache. Ukichota konzi moja kila beseni, huku ukapata watatu wabovu na kule wawili, umejua nini? Hujajua kitu. Kesho inageuka. Lakini ukimwaga beseni nzima na kuhesabu, hapo unaongea.

Dawa za moyo ziko hivyo. Hakuna inayofufua. Dawa nzuri kabisa inatoa vifo toka 12 kwa 100 hadi 9 au 10. Kwa wagonjwa 200 tofauti hiyo ni upepo tu, kwa wagonjwa 15,000 haina pa kujificha. Yusuf, Collins na Peto waliliandika hilo 1984, na hoja yao ni kwamba ukitaka jaribio liwe kubwa, lazima liwe rahisi. Kila swali unaloongeza kwenye fishi linafukuza hospitali moja.

#5 Stati_BKV (Bukavu)

Nimesahau utamu wa ISIS-2. Waliombwa waonyeshe aspirini inafaa kundi gani na kundi gani haifai. Wakagawa watu kwa nyota za kuzaliwa, kwa makusudi. Waliozaliwa nyota ya Mapacha na ya Mizani, aspirini ikaonekana haiwasaidii! Walitaka kuonyesha kwamba ukikata keki vipande vingi, bahati itakudanganya.

#6 Mwana_Kadutu (Bukavu)

Mimi ni Mizani. Nisimeze sasa?

#7 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Meza. Soma tena #5.

#8 Maitre_Kenya (Lubumbashi)

Kabla hamjaniuliza: Kenya ni komini yangu hapa Lubumbashi, siendi Nairobi.

Nimtetee yule msimamizi wa ndege. Kanuni hazikuanguka toka mbinguni. Kuna watu walitumiwa kama panya, kuna matokeo yalipikwa, kuna fishi za wagonjwa wasiokuwepo. Mwaka 1996 Ulaya, Marekani na Japani wakakubaliana mwongozo mmoja wa namna ya kuendesha majaribio. Ukiusoma wenyewe si mrefu sana. Shida ni sisi wanasheria na watu wa bima: kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kukamatwa, basi anaongeza sahihi moja. Mwenzake anaongeza ya pili. Baada ya miaka 20 mna kurasa 62.

Toleo jipya la mwongozo huo, Januari 2025, linasema wazi kwamba ukaguzi ulingane na hatari. Dawa inayojulikana miaka 40 isikaguliwe kama dawa iliyozaliwa jana. Sasa nani atathubutu kuwa wa kwanza kupunguza? Mimi simshauri mteja wangu awe yeye.

#9 Dada_Famasi (Bukavu)

Maitre unawapaka wenzako mafuta. Sababu ni moja: pesa. Niko nyuma ya kaunta hapa Nyawera mwaka wa tisa. Mwenye kiwanda hawezi kulipia utafiti wa kidonge ambacho kila mtu anakitengeneza, atalipia kile kipya chenye bei. Na kazi yenyewe anawapa makampuni ya kuendesha majaribio, yanayolipwa kwa kila ziara, kila fishi, kila ndege. Nani kati yao atataka ukurasa mmoja? Ni kumwambia fundi cherehani ashone nguo bila mishono.

#10 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Dada, nusu nakubali. Nusu nyingine Waswidi wameijibu. Jaribio la TASTE, 2013, watu 7,244 wenye krizi ya moyo. Swali: kabla ya kufungua mshipa, tuunyonye ule mgando wa damu kwanza au tusiunyonye? Madaktari wengi walikuwa wameshaamini kunyonya kunasaidia. Waswidi wakasema, sisi tuna rejista ya taifa, kila anayefunguliwa mshipa anaandikwa humo kwa vyovyote. Wakaweka kura ndani ya rejista yenyewe. Daktari anajaza kama siku zote, anabonyeza, kompyuta inamwambia nyonya au usinyonye. Kufa au kupona, rejista ya vifo ya nchi inajibu.

Gharama ya nyongeza ilikuwa kama dola 50 kwa mgonjwa. Jibu: kunyonya hakukupunguza vifo. Miaka michache baadaye wakapima hewa ya oksijeni kwa njia hiyo hiyo, watu 6,629, nayo haikuokoa waliokuwa na hewa ya kutosha mwilini. Tulikuwa tunawavalisha maski bure.

#11 Mwana_Kadutu (Bukavu)

Dola 50, eeh! Juu wao wako na rejista. Ya kwetu najua fasi iko. Mwaka jana nimenunua karanga ku barabara, wamenifungia mu karatasi: majina, umri, "HTA", "HTA", "paludisme", "HTA". HTA ni tansio, paludisme ni malaria. Kurasa mbili za rejista ya santre (kituo cha afya) fulani, na chumvi juu.

#12 Infirmiye_Birere (Goma)

@Mwana_Kadutu usicheke, ila umecheka vizuri. Rejista yetu naipiga mistari mwenyewe kwa rula kila mwezi. Safu kumi na mbili. Safu ya "matokeo" ndiyo ya mwisho, nyembamba kuliko zote, inaingia herufi moja. Na nusu ya mistari iko tupu, maana mgonjwa wa tansio akijisikia nafuu harudi, na akizidiwa anapelekwa kwingine. Mimi nitajuaje?

#13 Moto_Ndosho (Goma)

Infirmiye ametaja kidonda. Miye si muganga, miye niko mwenye moto (pikipiki), lakini kuna utafiti ulinilipa kutafuta wagonjwa waliopotea. Dola mbili kwa safari, mafuta juu yangu. Wananipa karatasi: "Avenyu fulani, nyuma ya kanisa, uliza mama wa makala." Nafika, kanisa ziko tatu. Mama wa makala amehama. Simu iliyoandikwa ni ya mwenye duka, na duka sasa ni saluni.

Kambi za Mugunga zilipobaki tupu mwanzo wa 2025, karatasi zote zile zikawa za kuwashia mbabula. Munaongea kurasa 62, zile za kujaza ukikaa kwenye kiti ni rahisi. Pesa inaisha kule kwa kutafuta. Mtu aliyekufa hashiki simu, na mtu aliyehama pia hashiki. Utawatenganisha namna gani?

#14 Stati_BKV (Bukavu)

Hili la #13 ni zito kuliko yote yaliyosemwa. Kule Swideni kila mtu ana namba yake toka kuzaliwa hadi kaburini. Jaribio rahisi la moyo limekaa juu ya hiyo namba. Ukiiondoa, urahisi wote unaanguka na unabaki na pikipiki.

#15 Ya_Himbi (Goma)

Sikubali kwamba haiwezekani kwetu. Mumesahau PALM, lile jaribio la dawa za Ebola? Ilifanyika hapa Goma, risasi zinalia, na dawa zikapatikana.

#16 Infirmiye_Birere (Goma)

Yaya, si Goma. PALM ilikuwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018. Goma tulipata chanjo ile ya sindano mbili mwishoni mwa 2019, foleni za Majengo unazikumbuka. Ila hoja yako naipenda. Watu 681, dawa nne, kura, Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa Ebola, akiwa mbele. Na moja ya zile mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, 1995. Dawa ya kwetu kabisa.

#17 Stati_BKV (Bukavu)

Lakini angalieni kwa nini 681 walitosha. Kwa dawa ya kulinganishia walikufa karibu 50 kwa 100, kwa iliyofanya vizuri 33 na nusu. Hilo ni shimo, unaliona kwa macho. Na siku 28 tu, mgonjwa yuko ndani ya uzio, hapotei. Tansio ni kinyume kabisa: inaua wachache kila mwaka, kwa miaka mingi, na mgonjwa yuko sokoni anauza. Ndiyo maana Ebola ilipata jibu katikati ya vita na moyo haupati katikati ya amani.

#18 Ya_Himbi (Goma)

Amani gani tena?

#19 Mama_Ibanda (Bukavu)

Watoto wangu, mwaongea sana fishi. Miye niko mugonjwa, musikilize mugonjwa kidogo.

Niko na tansio miaka kumi na mbili. Walikuja batu ba utafiti, bakatuita siye bamama ba tansio. Bakanisomea karatasi ya ruhusa, kurasa kumi na ine, kwa Kifaransa kwanza, kisha kijana mumoja anatafsiri. Saa mbili. Ku ukurasa wa sita nililala, haki ya Mungu. Baliponiamusha bakaniambia nitie sahihi fasi tatu. Nikatia. Munizani nilisikia nini?

Dawa ilikuwa muzuri, tansio ikashuka 13 kwa 8, kichwa kikaacha kuuma. Kisha siku moja bakasema utafiti umeisha, aksanti mama. Na dawa ikaisha nao. Ile ya kununua ni ya bei, nikarudi ku yangu ya zamani, ninanunua plakete (karatasi ya vidonge) moja nikipata mafranga. Kama munataka kupunguza bei ya utafiti, vizuri. Lakini ile munayopunguza isikuwe dawa yangu.

#20 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Mama, heshima yako. Kurasa kumi na nne hazikulindi wewe, zinamlinda aliyeziandika. Uingereza mwaka 2020, kwenye jaribio la RECOVERY la Covid, maelezo yalikuwa mafupi na lugha ya kawaida. Walianza Machi, na kufikia Juni walishajua deksametasoni, dawa ya zamani ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Na mama, usiruke siku. Plakete ikikaribia kuisha, sema mapema kwa muuguzi wako.

#21 Mwana_Kadutu (Bukavu)

Uzi ni wa moyo, docta ametupeleka ku mapafu.

#22 Jirani_Kigoma

Habari za huko ng'ambo ya ziwa. Swali la mshamba: kwani lazima tupime sisi? Ulaya wamepima, Marekani wamepima, moyo ni moyo. Tumeze walichomeza wao.

#23 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Karibu jirani. Hapana, na nina mifano.

INVICTUS, 2022. Watu zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wenye moyo ulioharibiwa na homa ya viungo ya utotoni na mapigo yasiyo na mpango. Kila mtu aliamini rivaroxaban, kidonge kipya cha kuzuia damu isigande, kitalingana au kitashinda warfarini na wenzake wa zamani. Kilishindwa, waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa kipya. Ulaya ugonjwa huo karibu umekwisha, wangeupimia wapi?

CREOLE, 2019. Wagonjwa 728 wa tansio, Waafrika weusi, nchi sita kuanzia Kameruni hadi Msumbiji. Michanganyiko miwili yenye amlodipini, dawa ya tansio, ndani ilishinda ule usiokuwa nayo. Sisi Kongo hatukuwemo, lakini dawa ipo kwenye kabati la Infirmiye.

#24 Dada_Famasi (Bukavu)

INVICTUS naijua, na imeniletea vita na wateja. Warfarini imeshinda, sawa. Ila warfarini inataka kupima damu kila mara ujue kama imezidi au imepungua. Nani anapima huku, na kwa bei gani? Jibu la utafiti limetoka, mgonjwa wangu amebaki mlangoni.

#25 Jirani_Kigoma

Basi nimekoma. Ila Uganda wamefanya jambo dogo zuri: watoto 818 wenye dalili za mwanzo kabisa za moyo wa homa ya viungo, nusu wakachomwa penisilini kila juma nne. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa ni 0.8 kwa 100 kwa waliochomwa, na 8.2 kwa wasiochomwa. Penisilini! Hiyo si ndiyo rahisi mnayoitaka?

#26 Infirmiye_Birere (Goma)

Rahisi ukianzia kwa sindano, jirani. Kuwapata hao 818 waliwapima kwa ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ya moyo watoto zaidi ya laki moja, shule kwa shule. Hapo #13 anarudi mezani: bei iko kwa kutafuta.

#27 Maitre_Kenya (Lubumbashi)

Na rahisi nayo ina deni lake, mbona hamlitaji? Marekani walifanya ADAPTABLE, 2021, watu 15,076 wenye ugonjwa wa moyo: aspirini miligramu 81 au 325. Hakuna ziara, fomu kwenye mtandao, kila mtu ananunua kidonge chake mwenyewe. Matokeo: hakuna tofauti. Lakini zaidi ya 40 kwa 100 ya waliopangiwa 325 walihamia 81 wenyewe. Sasa hakuna tofauti kati ya dozi, au hakuna tofauti kwa kuwa wote walimeza dozi moja? Pesa imeokolewa, jibu limekuwa uji.

#28 Stati_BKV (Bukavu)

Hapo Maitre umenipiga. Ila kuhama huko ni habari pia, watu wenyewe walichagua.

Na wanaosema "tufanye madogo madogo, yanatosha", kuna hadithi ya manyezi (magnesiamu). 1992, jaribio la watu 2,316 Uingereza: manyezi ya mshipani baada ya krizi ya moyo inapunguza vifo kwa robo. Shangwe. 1995, ISIS-4, watu 58,050: hakuna kitu.

#29 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Stati, wale wa 1992 walijibu kwamba ISIS-4 iliwapa watu manyezi wakiwa wamechelewa. Ubishi huo haukuzikwa vizuri. Ukubwa haukusaidii kama saa ya kutoa dawa imepotea, na ukurasa mmoja hauna nafasi ya kuandika kila saa.

Ila bora hivyo kuliko kutopima. CAST, 1989: moyo ukipiga mapigo ya ziada baada ya krizi, tulitoa dawa za kuyanyamazisha. Mapigo yalinyamaza kweli, kwenye karatasi ya ECG (mashine inayochora mapigo ya moyo) unaona mstari mzuri. Wakapiga kura kati ya dawa na dawa bandia: wenye dawa ndio waliokufa wengi. Madaktari walioziandika walikuwa na hakika kuliko mimi na wewe.

Nikisema karatasi ya ECG nacheka. Usiku wa juzi mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, karatasi haikuwepo. Tulipiga picha ya skrini kwa simu ya mlinzi.

#30 Dada_Famasi (Bukavu)

Mbona hamsemi ule ugonjwa wa moyo kulegea wa bamama waliojifungua? Mama ana juma tatu, miguu imevimba, hawezi kulala chali, familia inasema ni uchawi wa mke mwenza. Kuna bromokriptini, waliipima Afrika Kusini kwa wanawake 20, matokeo 2010: kumi kwa kumi, wanne walikufa bila hiyo dawa na mmoja nayo. Ishirini! Kwa beseni ya Stati hiyo ni konzi moja. Nikiulizwa kaunta niseme nini?

#31 Stati_BKV (Bukavu)

Sema konzi inanukia vizuri. Beseni haijamwagwa.

#32 Mwana_Kadutu (Bukavu)

Kwetu muzee anasema saumu na limau asubuhi, tansio inakimbia mupaka Rwanda.

#33 Moto_Ndosho (Goma)

Ya kwetu alisema hivyo. Tulimuzika Desemba.

#34 Mwana_Kadutu (Bukavu)

Pole sana ndugu. Sikujua.

#35 Infirmiye_Birere (Goma)

Pole kaka.

Basi niweke la kwangu, mlichane. Santre ishirini za Goma na Bukavu. Vidonge viwili vya tansio ambavyo vyote tunavitoa tayari, na hakuna anayejua kipi kinashikwa vizuri na mtu anayeuza sokoni siku nzima. Kura iko ndani ya bahasha. Fishi: jina, umri, tansio ya leo, pakiti gani, namba tatu za simu (yake, ya jirani, ya mtu wa kanisa). Baada ya mwaka: yuko hai? alipooza? tansio ngapi? Dawa inaendelea utafiti ukiisha, kwa Mama_Ibanda. Urefu siuliziki.

#36 Maitre_Kenya (Lubumbashi)

Kamati ya maadili? Bima ya mgonjwa akidhurika? Nani anashika funguo za bahasha? Umeshafika kurasa nane, rafiki.

#37 Dada_Famasi (Bukavu)

Na hivyo vidonge miezi kumi na mbili mfululizo vitatoka wapi? Mimi mwenyewe nakaukiwa mara mbili kwa mwaka.

#38 Stati_BKV (Bukavu)

Santre ishirini kwa mwaka mmoja hazitakupa vifo vya kutosha. Pima tansio tu, usiahidi uhai. Au ungana na wa Lubumbashi, Kisangani, na jirani wa Kigoma.

#39 Dr_Lushois (Lubumbashi)

Mimi nimo. Karatasi ya ECG nitanunua mwenyewe.

#40 Mama_Ibanda (Bukavu)

Karatasi ya ruhusa mutanisomea kwa Kiswahili, na kabla ya chakula, nisilale.

#41 Ya_Himbi (Goma)

Infirmiye, yule baba wa 22 kwa 13 wa juu kabisa, siku saba zimepita. Alirudi?

#42 Infirmiye_Birere (Goma)

Hajarudi. Namba aliyoacha inaita, anapokea mwanamke, anasema yeye ni shemeji, ana duka, hajamuona tangu Jumapili. Ni upande wa Ndosho.

#43 Moto_Ndosho (Goma)

Niandikie pembeni avenyu na jina la duka. Kesho asubuhi niko njia hiyo. Bila dola mbili.

#44 Moto_Ndosho (Goma)

Nimefika. Duka limefungwa. Mama wa maandazi wa pembeni anasema shemeji amekwenda Sake jana na mutu mumoja mwenye kutembea polepole, lakini hajui kama ni yeye. Nitapita tena Alhamisi.

#45 Infirmiye_Birere (Goma)

Aksanti sana kaka. Nimeshika kalamu niko mbele ya ile safu nyembamba, sijui niandike herufi gani.

#46 Stati_BKV (Bukavu)

Usiandike kitu. Acha wazi mpaka Alhamisi.